Mtu wa Prosesa, Ghorofa ya Sita

Kwa miaka minane Liao Po-yen alikuwa na meza katika kampuni ambayo haikumwajiri. Mshahara wake ulitoka kwa Wamarekani waliotengeneza prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Meza, kiti na hata kikombe vilikuwa vya kampuni ya kompyuta iliyozinunua prosesa hizo, ghorofa ya sita, mtaa wa Neihu, Taipei. Kazi yake ilikuwa kukaa humo na kuhakikisha prosesa na kompyuta zinaelewana. Wenzake walivaa kadi za bluu shingoni, yeye ya rangi ya chungwa. Akiwapo walimwita Kaka Liao, akitoka walimwita mtu wa prosesa. Alijua, wala hakuona ubaya, kwa kuwa nje ya jengo lile hakuna aliyemwita chochote. Wazazi walishafariki, dada yake alihamia Kanada, na dirisha la chumba alichopanga lilitazama kiyoyozi cha jirani.

Jumatatu moja ya Januari aliingia maabara kupima joto la mashine zake nne. Juu ya kila moja palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi na nazi, ile ile ambayo kote nchini huwekwa hospitalini, benki na popote mtu anapotaka mashine itulie. Lazima iwe ya kijani, isiliwe, na ibadilishwe kabla ya tarehe yake kwisha, la sivyo mashine hukasirika. Kuzibadilisha ilikuwa kazi ya fundi Ah-Kun, ambaye aliwahi kusahau siku ya kuzaliwa ya mkewe lakini hakuwahi kusahau pakiti.

Liao aliinama kusoma tarehe. Ilikwisha siku nane zilizopita. Kwenye pakiti zote nne.

Pale kona kulikuwa na chumba kidogo ambacho vioo vyake vilibandikwa karatasi tangu Novemba. Leo mlango uliachwa wazi kidogo. Ndani aliona mashine mbili, na juu yake pakiti mbili mpya.

"Ah-Kun, pakiti zangu zimeoza," alimwambia fundi alipomkuta.

"Aa, Kaka Liao! Vitu vile haviozi, vimejaa dawa."

"Mbona hukubadilisha?"

"Dukani zilibaki mbili tu."

"Na hizo mbili ukampa nani?"

Ah-Kun alijikuna kisogo. "Usiniulize, kaka. Nikifukuzwa kazi mke wangu atanila mimi mzima mzima."

Basi, mle chumbani walikuwa wanajaribu prosesa ya kampuni nyingine. Liao hakuhitaji kuambiwa sababu. Prosesa zake zilikuwa na nguvu, lakini zilichemka. Feni ilipiga kelele kama mashine ya kukaushia nywele, betri ilikata baada ya saa tatu, na mtu hakuweza kuipakata kompyuta yake bila kuweka mto mapajani. Mara tatu Wamarekani waliahidi toleo lisilochemka, na mara zote tatu aliyeitamka ahadi hiyo mbele ya watu alikuwa yeye. Walioiandika walikaa ng'ambo ya bahari, hawakulazimika kumtazama yeyote usoni.

Mwaka juzi, kwa ahadi ya namna hiyo, Bosi Sung, mama aliyeongoza kikosi cha usanifu, aliwazuia watu wake kazini sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina wakingojea sampuli zinazokuja "siku yoyote". Zilikuja Agosti. Lakini usiku ule wa Mwaka Mpya walichemsha sufuria ya mchuzi juu ya meza ya maabara, Ah-Kun akaimba vibaya, na Bosi Sung akamwekea Liao kipande cha samaki kwenye bakuli bila kumuuliza. Wengine waliulaani usiku ule. Kwa Liao ulikuwa Mwaka Mpya wa kwanza, tangu mama yake afe, ambao hakula peke yake.

Alhamisi simu yake ilileta ujumbe kutoka makao makuu ya Wamarekani: Waambie Aprili, usiongeze neno. Mchana Bosi Sung akamwita.

"Kaka Liao, funga mlango. Wakubwa wanataka jibu langu saa tisa. Toleo jipya linakuja Aprili?"

"Ofisi inasema Aprili."

"Ofisi nimeisikia mara tatu. Nakuuliza wewe."

Angesema Aprili, wangengoja. Angepata mwaka mwingine wa meza yake, na wiki mbili baadaye, Mwaka Mpya ukifika, pengine sufuria nyingine. Aliitazama mikono ya yule mama, iliyofungua na kufunga mashine zile kwa ajili ya maneno yake yeye.

"Si Aprili," alisema. "Sampuli ya wiki iliyopita bado inachemka. Labda Novemba. Na hiyo Novemba yenyewe siwezi kuiapia."

Bosi Sung alivua miwani. "Unajua umefanya nini?"

"Najua."

"Mwaka juzi ungesema hivi, ningelala nyumbani kwangu."

"Mwaka juzi sikujua."

"Ninaamini. Ndiyo maana nimekuuliza."

Liao alitamani kumwambia juu ya kile kipande cha samaki. Hakuona pa kuanzia.

Saa tisa wakubwa waliamua kuhamia prosesa ile nyingine. Na taratibu ni taratibu: watu wa prosesa mpya wakishaingia, wa ile ya zamani haruhusiwi kukaa ghorofa moja nao. Jumatatu iliyofuata kadi yake ya rangi ya chungwa haikufungua mlango. Mlinzi, aliyezoea kumtania kwa upara wake, alimsogezea daftari la wageni: jina, kampuni, unakuja kumwona nani.

Ah-Kun alishuka na boksi lenye sweta, chaja na kile kikombe cha kampuni.

"Bosi Sung anakusalimu. Kule juu aliwaambia kabisa kwamba wewe ndiye uliyesema kweli."

"Angeshuka mwenyewe."

"Ana wageni." Ah-Kun aliangalia viatu vyake. "Hao wapya, kaka, hawajui hata kucheka. Utadhani kicheko wanakilipia."

"Watazoea."

Lifti ilifunguka. Ah-Kun alitia mguu ndani kuuzuia mlango. "Kaka Liao, umekula?"

"Nimekula," alisema Liao, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana jioni. Na Ah-Kun, kwa haraka aliyokuwa nayo, akaamini.