Kisahani Kilichomvua Mshenga Kofia

Jamani, hili jambo huwa silisimulii mbele ya watu wa Kondoa, maana aibu yake mpaka leo haijapoa, na hata hapa nalisimulia tu kwa sababu mmeniuliza mara tatu kwa nini wakwe zake Zaituni wakiniona wanashika vichwa. Basi sikilizeni, ila mkicheka sana naishia njiani.

Wakati ule nilikuwa mpiga chapa kwenye mradi mmoja wa maji hapa Dodoma (ni ile miaka mitumba ilipoanza kujaa sokoni, mpaka na mimi nikawa na raba), na mhandisi wetu mmoja, Lars, mgeni kutoka Ulaya, akatuletea mchezo wa kwao. Unarusha kisahani cha plastiki kutoka mbali mpaka kiingie kwenye tenga lililofungwa juu ya nguzo, na anayefika kwa kurusha mara chache ndiye mshindi. Ofisi nzima walikuwa wanaweza isipokuwa mimi. Changu kikitoka mkononi kinapanda juu, kinakata kushoto, kinatua kwenye miba. Lars ananiambia, "Dada Hadija, unatumia mkono tu. Vuta karibu na kifua, geuza kiuno, kiachie kikiwa bapa. Fanya mazoezi nyumbani." Dereva anasema nasimama vibaya, mhasibu anasema nashika vibaya, hata mlinzi, ambaye hajawahi kukigusa, naye ana maoni. Nikachoka. Nikabeba kisahani kimoja nikaenda nacho nyumbani.

Sasa Jumapili hiyo ndiyo wageni wa posa kutoka Kondoa walikuwa wanakuja kwa kaka yangu, ninayeishi naye, kumposa binti yake Zaituni, na mimi ndiye shangazi, ndiye wa kuwapokea. Walisema asubuhi, mpaka adhuhuri imepita hakuna mtu. Pilau inapoa, kaka anazunguka na kanzu yake ananiuliza wako wapi, utafikiri basi la Kondoa naliendesha mimi. Nikaona bora niende nyuma ya nyumba nirushe mara moja tu nipunguze hasira (na hiyo mara moja tu ndiyo iliyoniponza).

Nikavua viatu, nikakaza khanga, nikavuta karibu na kifua, nikageuza kiuno, nikaachia. Wallahi tangu nizaliwe sijawahi kurusha vile. Kilitoka bapa, kimenyooka, upepo ukakipokea, kikavuka ua wa minyaa nami nimesimama najichekea mwenyewe. Halafu nikasikia upande wa pili mtu anasema polepole, "Astaghfirullah."

Wageni walikuwa wamepotea njia, wakaamua kuja kwa uchochoro wa nyuma. Kisahani kilikuwa kimemvua kofia mshenga wao, Mzee Idi, na mzee alipopeleka mikono kichwani akaachia kamba ya beberu waliyemleta kama zawadi. Beberu naye hakungoja kuambiwa. Akaingia moja kwa moja kwenye zabibu za jirani yetu Mama Neema.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana sikujua nianzie wapi, kisha nikaruka mtaro nikamfukuza beberu, peku, khanga mkononi. Kaka nyuma yangu na kanzu imeshikwa juu ya magoti, wageni wawili nyuma yake, na Mama Neema ndio kwanza anatoka kanisani na wenzake wa kwaya.

"Hadija," akasema, "hizo zabibu navuna wiki ijayo. Shamba la kuchezea mmeliona hili tu?"

Mtaa mzima ulikuwa umeshatoka, na kila mtu anajua beberu anavyokamatwa. Huyu anasema mzungukie, yule anasema mwite kwa upole, na hakuna hata mmoja anayeinua mguu. Aliyemkamata ni Zaituni, aliyetakiwa kuwa amefichwa ndani asionekane na wageni. Alitoka mbio na hina mbichi mikononi, akamdaka pembe, akamburuta mpaka miguuni kwa Mzee Idi, ndipo akakumbuka yeye ni nani siku hiyo, akajifunika uso, na hina yote ikabaki shavuni.

Kaka ananitazama mimi, simlaumu. Mzee Idi akakung'uta kofia yake, akaivaa, akasema, "Huyu binti ndiye tuliyemfuata, na tumeridhika. Ila huyo mwingine, tafadhali, asikae kwenye mazungumzo."

Kwa hiyo siku ya posa ya mtoto wa kaka yangu, mimi shangazi mtu nilikaa jikoni nakula pilau iliyopoa, nasikia kupitia dirishani kaka anazungumza mambo yangu ya kuzungumza, na anayazungumza vibaya, anakubali kila anachoambiwa. Ndoa ilifungwa na wana watoto sasa, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile, nikisikia kuna wageni njiani, hata ufagio siutupi pembeni. Nauweka chini taratibu kwa mikono miwili.