Mtungi wa Pili wa Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kwetu mtaa wa Kuze, mama alikuwa na mimba ya ndugu yangu Salma. Nyanya akanipa kazi ambayo niliifanyia hiana: kila alasiri kumpandishia mama ghorofani kisahani cha maini ya kukaanga.

"Mwenye mimba ana mitungi miwili ya damu," nyanya aliniambia. "Wa kwanza ni wake. Wa pili hujazwa kidogo kidogo kwa maini haya, umwagike siku ya kuzaa, ule wa kwanza usiguswe. Na atakayedokoa chakula chake ataota chokea."

Ngazi zetu zilikuwa na giza, na maini yalinukia ndimu. Nilidokoa. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilidokoa siku nyingi, kisha najipangusa midomo kwa ncha ya mtandio na kupiga hodi kwa adabu.

Hata asubuhi moja nikaamka jicho limevimba, chokea kama punje ya mtama. Kufika uani, namkuta mama apiga mswaki, atema damu. Mtungi wavuja, na aliyeupunguza ni mimi.

"Mama, usife," nikalia. "Maini nimekula mimi."

Mama akalitazama jicho langu, akamtazama nyanya. Wakacheka mpaka nyanya akakaa chini.

"Mjinga weye," nyanya akasema, akijifuta machozi. "Hiyo ni ya kufurika. Mtungi umejaa mpaka watokea kwenye fizi."

"Na maini?"

"Tangu siku ya pili nalijua. Kila ukishuka, vidole vyanuka ndimu. Nikawa naongeza vipande viwili vya mwizi."

Salma alizaliwa Ijumaa, adhuhuri. Mkunga alipotoka na leso za kufuliwa, nikamuuliza kabla ya habari ya mtoto, "Mtungi wa kwanza umeguswa?" Hakunielewa. Nyanya akanijibu kwa vigelegele.

Juzi nimemsindikiza mjukuu wangu kliniki. Muuguzi akamweleza kuwa damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu yake, iwe akiba ya kujifungulia, na kwamba fizi zikitoa damu kidogo asishtuke. Nikacheka peke yangu. Nyanya hakusoma ila msahafu. Habari ya chokea sikuthubutu kuuliza.

Miaka yote hiyo nimetubia yale maini, na bado natubia, maana nia yangu ilikuwa wizi. Lakini furaha hunishika nikikumbuka: nilidhani nadokoa, kumbe nilikuwa nimepakuliwa.