Niliyempisha Mwambani

Ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, ndipo nikusimulie. Haya hayakunifika ndotoni. Yalinifika saa nne ya asubuhi, jua kali, na akili zangu timamu.

Mimi nafundisha wageni kuteleza mawimbini kwa ubao, pale Galu. Nje ya Shimoni kuna mwamba usiofikika ila kwa boti, na wimbi lake hujikunja refu, safi. Miaka minane nilikuwa nalitamani. Wanaume wakinambia, "Lile si la mwanamke." Basi nikaapa nitalipanda, wapende wasipende.

Juma, mdogo wangu, akanipeleka kwa boti yake, akatia nanga kando ya mwamba. "Dada, maji yanakupwa. Saa moja tu, yakishuka hatutoki hapa."

Nikalala juu ya ubao, nikapiga mikono mpaka penye mawimbi. Nikamkuta mzee amekalia ubao, kimya. Boti nyingine sikuiona. Nilishangaa? Wapi! Kichwani nilikuwa na wimbi tu. Nikamwambia, "Shikamoo." Hakuitika. Nikasema labda hakusikia, mwamba una kelele.

Sasa, sisi watu wa mawimbi tuna sheria: aliye ndani zaidi, karibu na pale wimbi linapoanza kujikunja, ndiye mwenye zamu. Tena huyu mtu mzima! Nikampisha. Akapanda, akapotelea kwenye povu. Kugeuka, yuko mbele yangu tena, mbali kidogo. Nikamsogelea, nikampisha. Na tena. Adabu niliyolelewa nayo kwetu Kinondo ndiyo iliyotaka kuniua, niamini.

Mara ya nne nikamtazama vizuri. Mtu ameteleza mawimbi matatu, na nywele zake kavu! Mvi zinapeperuka. Nikaitafuta boti. Ya Rabi! Ilikuwa kule, ndogo kama kifuu, nami niko ukingoni kabisa mwa mwamba, mbele yangu maji meusi tu.

Niliogopa, sikufichi. Kisha hasira zikapanda juu ya woga. Miaka minane, halafu nimpe huyu wimbi langu na roho yangu? "Zamu zako zimekwisha, mzee," nikamwambia. Nikasema Bismillahi, nikapiga mikono, nikasimama. Akaja naye, ubavuni kwangu, wimbi zima. Sikumtazama. Sikumpisha.

Juma alinivuta botini huku analia. "Nimekuita mpaka sauti imekauka! Ulikuwa wampisha nani, dada, nawe uko peke yako?" Tukatoka boti ikikwaruza mawe.

Wimbi nililipanda, na hilo hakuna wa kuninyang'anya. Lakini nawe ukienda kule, adabu iache botini. Mimi tangu siku ile simwamkii mtu majini. Juzi ami yangu, ndiye aliyenifunza kuogelea, alinikuta baharini, akangoja nimwamkie. Nikamsogelea, nikamshika kichwa, watu wa ufukweni wakiguna kwamba nimeota pembe.

Nywele zilikuwa zimelowa, alhamdulillahi. Ndipo nikamwambia shikamoo.