Kifaru cha Bibi Filomena

Juzi jirani yetu hapa Ufukoni alichoma taka nyuma ya ukuta, na ndani ya zile taka palikuwa na kandambili. Moshi ukaingia dirishani nikiwa napepeta mchele. Nyie mnaoijua harufu ya kandambili inayoungua mtanielewa: inakaa kooni, nzito, na haitoki hata ukinywa maji. Niliweka ungo chini nikakaa. Mwanangu wa mwisho akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Lakini nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu Kitaya, nina miaka tisa, na mbele yangu kinaungua kitu nilichokitia motoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Habari hii sijawahi kuisimulia yote kwa mara moja. Ngoja niwasimulie nyie.

Baba yangu, Mzee Saidi, alilima korosho na muhogo kama baba za wenzangu wote pale kijijini, ila alikuwa na kazi yake nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Alitengeneza magari ya jeshi, madogo madogo. Ujanani alikuwa askari, dereva wa kifaru, akaenda vita vya Kagera, huko mbali ambako wengi kwetu hawakujua hata ni upande gani wa kuelekeza kidole. Alirudi na sikio moja zima, na ngozi ya mkono wa kushoto ilikuwa laini, inang'aa kama mfuko wa nailoni. Mimi nilizaliwa baada ya hapo, kwa hiyo sikumjua akiwa mtu mwingine. Kwangu baba alikuwa hivyo toka mwanzo: mtu aliyekaa barazani akitoka shamba, na kisu, na debe lililokatwa, na rundo la kandambili zilizochakaa ambazo kijiji kizima kilimletea badala ya kuzitupa.

Hakufanya kwa kubahatisha. Alikuwa na kipimo chake: hatua moja ya gari la kweli ni dole gumba moja la mbao. Alifumba macho, akatembea uwanjani akihesabu hatua, akilizunguka gari ambalo sisi hatulioni, halafu akarudi kukata. Magurudumu aliyachonga kwenye soli za kandambili. Minyororo ya kifaru aliitoa kwenye tyubu ya baiskeli. Mzinga ulikuwa bomba la mwavuli. Akimaliza alilipanga gari kwenye ubao mrefu aliougongelea ukutani sebuleni, malori, gari la kubebea majeruhi, vifaru, yote yameelekea mlangoni. Sikukuu ya Idi watu walikuja kula pilau na kuyatazama. Mama alikuwa akisema, "Nyumba za wenzangu zina vyombo ukutani, mimi nina kambi." Alisema hivyo akiyafuta vumbi moja moja kwa upindo wa khanga.

Mwaka huo baba alikuwa anatengeneza kifaru cha Bibi Filomena.

Bibi Filomena aliishi Kilambo, kijiji kingine cha huko kwetu. Watu wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, na yeye alisema Kimakonde. Kiswahili alikipata kwa shida. Mtoto wake mmoja, Agostino, alikuwa mpiga mzinga kwenye kifaru cha baba. Waliingia watu wanne, akatoka baba. Hayo ndiyo tuliyoyajua nyumbani, na hatukuuliza zaidi. Tulijua pia kwamba bibi anataka kuona mahali mwanawe alipokaa siku ile, ndiyo maana kifaru hiki kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na kifuniko chake kilifunguka kwa bawaba ya mpira, na ndani mlikuwa na viti vinne vya mti wa mkorosho. Baba alikuwa na haraka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwa sababu bibi alikuwa mgonjwa. Miguu ilikuwa imemvimba. Kila aliyetoka Kilambo alikuja na salamu zilezile: "Bibi anasema, mwambieni Saidi mimi nitasubiri, ila miguu haitasubiri."

Shule nilikuwa nimeshaiacha, darasa la pili, kwa sababu za kwetu ambazo si za leo. Nilichobaki nacho ni chuo cha Kurani, na nilikipenda. Nilikuwa mtoto wa kuogopa Mungu kwelikweli, wa kuhesabu dhambi zangu kabla ya kulala. Mwalimu wetu alikuwa Mmakua wa makamo, mpole, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Simlaumu, na naomba nanyi msimlaumu.

Siku moja tunasubiri zamu zetu za kusoma, rafiki yangu Zuhura akaanza kunichokoza.

"Baba'ke Halima anachonga vinyago vya kuuzia Wazungu!"

"Baba hachongi vinyago. Anatengeneza kifaru."

Mwalimu akasikia. "Nini?"

"Kifaru, mwalimu."

"Kikubwa?"

"Kama mbuzi mdogo."

Akanitazama vizuri. "Kina macho?"

Nikajibu kwa kujidai, maana hayo niliyajua kuliko mtoto yeyote pale. Baba aliyaita macho yale matundu mawili ya mbele ambayo dereva huchungulia. "Kina macho mawili, mwalimu. Na mdomo mrefu, unatema moto. Na tumbo."

"Na tumbo!"

"Linafunguka."

"Astaghfirullahi," mwalimu akasema.

Nyie mnacheka, na mna haki. Lakini kumbukeni, Kiswahili chetu kule kilikuwa cha kuazima. Mmoja Mmakonde, mmoja Mmakua, mmoja Myao, hakuna aliyejali kusema "ana" au "kina". Tulisema kuku kimepotea, mbuzi kimezaa, tukaelewana. Mwalimu alipomsikia mtoto wa Kitaya akisema kifaru kina macho, alimwona mnyama. Na mimi mnyama wa jina hilo sikuwahi kumsikia. Tembo niliwajua, walikula mihogo yetu. Viboko na mamba niliwajua, walikuwa mtoni. Kifaru kilikuwa cha namna moja tu duniani, kile cha baba.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliniita karibu akanieleza taratibu, na utaratibu ule ndio ulionitisha. Akasema mtu anayetengeneza sanamu ya kitu chenye roho, Siku ya Kiyama ataambiwa akipulizie roho alichokitengeneza, na hataweza. "Mwambie baba'ko akiache, mwanangu. Mwambie kwa adabu."

Nilirudi nyumbani sioni njia. Kumwambia baba? Mtoto wa kike wa miaka tisa anamwambiaje baba yake kwamba ataadhibiwa? Nilijaribu maneno njia nzima. Nilimwona baba amesimama pale mbele ya watu wote, na ule mkono wake unaong'aa, anaambiwa apulize. Anapuliza. Hakitembei. Sauti gani ile, sijui niwaelezeje, nilikuwa nikiisikia pumzi yake.

Baba alikuwa shamba kwenye palizi. Mama alikuwa kisimani. Jikoni mafiga yalikuwa na moto, chungu cha kunde kimeshaepuliwa. Nilikichukua kifaru barazani alipokiacha baba, kizito, nimekikumbatia kama mtoto mchanga, nikasema bismillahi, nikakiweka.

Mbao zilishika upesi. Halafu kandambili. Moshi mweusi ukajaa jikoni ukatokea kwenye makuti, watu wakadhani nyumba inaungua. Mama alifika mbio, maji ya ndoo yamemwagika yote, akanishika sikio. "We mtoto una wazimu gani? Hujui hiki ni cha nani? Hujui?" Nilijua. Nilijua ni cha Bibi Filomena, nikajiambia bibi ni mtu mzima, atasamehe, lakini Kiyama hakina kusamehe.

Baba alitokea nyuma ya mama na jembe begani. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni anatazama kifuniko kinavyojikunja kwa moto.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, baba."

"Kwa nini?"

Maneno yote niliyoyapanga njiani yaliniishia. Yalibaki mawili. "Kina roho."

Alikaa chini palepale kizingitini. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayejibu swali la mtu mwingine, "Zilikuwa tatu."

Hakunipiga. Hakuniuliza tena, na mimi nikaona basi, amekubali, mwalimu alisema kweli na baba ameelewa. Nililala nikiwa na furaha, Mungu anisamehe. Kesho yake alfajiri alichukua baiskeli akaenda Kilambo mikono mitupu. Aliporudi hakusema neno, hata kwa mama. Bibi Filomena alifariki kabla ya korosho kuanza kuokotwa. Baba alizika, akarudi, na wiki ileile akaanza kukata debe jipya. Kifaru. Kwa nani, hakuna aliyejua.

Tangu siku hiyo hajaacha. Miaka imekwenda, mimi nimeolewa mjini, mama ametangulia mbele ya haki, na baba nimemchukua nakaa naye hapa. Mume wangu aliondoa kabati la vyombo sebuleni ili vifaru vipate ukuta. Ni vingi sasa, vyote vina viti vinne ndani, na kila mgeni anayekuja, awe mpima umeme au mama wa kikundi, baba anamfungulia kifuniko. "Ona. Chuma. Hapa anakaa mtu." Wageni wanasema mashallah mzee, una mikono.

Mimi nilijua kusoma nikiwa na miaka thelathini na moja, kwenye masomo ya jioni ya watu wazima. Jioni moja mwalimu, binti mdogo kuliko mimi, akabandika ubaoni picha ya dude la kijivu lenye pembe puani, na chini yake akaandika: Kifaru ana pembe.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hapo umekosea. Ni 'kina'. Na hicho si kifaru."

Darasa likaangua kicheko. Mama mmoja muuza ngisi aliyekaa nyuma yangu akasema, "Halima, huyo akikukimbiza utajua mwenyewe kama ni 'ana' au 'kina'!" Mwalimu akanieleza kwa upole kwamba yapo maneno mawili yanayofanana, la mnyama na la chombo cha vita. Nami nikayatazama yale macho mawili ubaoni, na mdomo, na tumbo. Nilikusanya madaftari yangu nikatoka.

Asubuhi yake nilimpelekea baba chai nikamwambia yote, tangu Zuhura mpaka mafiga. Nilitegemea acheke. Aliniomba nirudie kwa lile sikio lake zima. Halafu akaweka kikombe.

"Basi mlikuwa wawili," akasema.

"Wawili nani, baba?"

"Wewe na Bibi Filomena." Waliopeleka taarifa Kilambo, akasema, walimwambia bibi kwa Kiswahili kwamba mwanawe amefia ndani ya kifaru. Bibi akamuuliza jirani kifaru ni nini, jirani akamwambia kwa Kimakonde ni mnyama mkubwa wa bara. "Siku ya kwanza nimekwenda kumpa pole, aliniuliza swali moja tu. Alipomezwa, alilia? Nikamwambia, mama, ni gari lile. Akasema gari lina madirisha, mwanangu, gari halina tumbo. Miaka yote ile, Halima. Ndiyo nikasema nimtengenezee, afungue mwenyewe, aone kiti."

Nikakaa chini, karibu na lile sikio lake.

"Ulipokichoma, nikaenda kumwomba radhi. Nikasema, mama, kifaru kimeungua. Nilikuwa bado sijamaliza, nataka kusema nitatengeneza kingine. Akaniuliza, nani amekiua? Nikasema binti yangu." Baba akakisogeza kikombe kando. "Akapiga vigelegele. Amelala, miguu kama magogo, anapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Akasema sasa atalala."

"Ukamwambia ukweli?"

"Nilifungua mdomo. Nikamwona anavyocheka. Nikaufunga." Akatazama ukutani. "Mama wa mwenzangu nimemwacha aende na uongo. Na nilikuwa na nafasi. Nilikaa pale mpaka adhuhuri."

Sasa mnajua kwa nini anawafungulia wageni kifuniko, hata wale wasioomba. Nilikuwa mtoto, nikadhani siku ile nimemwokoa baba na swali la Kiyama. Kumbe ndiyo siku niliyompa swali lenyewe, na amelibeba miaka yote hii bila kunionyesha uzito wake, akaniacha nikue mtoto wa kulala usingizi.

Kila baada ya sala namwombea. Nanyanyua mikono nafika kwenye jina lake, halafu nakwama, kwa sababu sijui niombe nini: asamehewe ule ukimya, au alipwe thawabu kwa ule ukimya. Nikishindwa namtaja tu. Saidi, na Filomena, na Agostino. Naacha hapo, Yeye anajua kusoma kuliko mimi.