Rejeleo la Waume wa Pate

Kukagua marejeleo ni kazi ya watu walioshindwa kazi nyingine. Unapewa makala ya mtu. Kila anapodai jambo na kumtaja mwandishi aliyelisema, unamwendea huyo mwandishi uone kama kweli alilisema. Mimi nina shahada mbili na insha kadhaa ambazo jamaa zangu huzisifu bila kuzisoma. Nilifaa kabisa.

Makala yenyewe ilikuwa ya daktari kijana kutoka bara, aliyekuwa akifanya kazi huku Lamu. Ilihusu wanawake wa visiwani wanaokufa kwa uzazi kabla hawajafikishwa hospitali. Nilipofika katikati nikamkuta mgonjwa mmoja: mke wa mkulima, kijiji kidogo cha Pate, mimba ya pacha, alitokwa na damu akafia kwenye boti. Jina halikuwapo, wala halikuhitajika. Kisiwa kizima kingemjua. Alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, na nilikuwapo kijijini kwao, Mbwajumali, siku aliyozikwa.

Sentensi iliyofuata ilisema kwamba wanawake hawa huchelewa kwa sababu waume zao hukawia kuwapa ruhusa. Mwishoni mwake kulikuwa na nambari ya rejeleo.

Shemeji yangu, yule mkulima, alikuwa amehojiwa kwa ajili ya utafiti huo, akaulizwa habari za ruhusa. Aliposikia makala iko mikononi mwangu akanipigia simu. Hakulalamika. Alisema binti yake yuko sekondari, anasoma Kiingereza vizuri, na siku moja ataisoma.

"Nalingoja mai, Shemeji," akasema. "Sikungoja ruhusa ya mtu. Wewe wajua."

Nilijua ni maji aliyongoja. Boti yao iliondoka gatini Mtangawanda mapema, ikafika kwenye mkondo wa Mkanda maji yameshatoka. Kupita nje kwenye bahari kuu hakukuwezekana, upepo wa kusi ulikuwa umeichafua. Wakakaa katikati ya mikoko kungoja maji yajae, yeye amempakata mkewe. Maji yalipojaa, haraka ilikuwa imekwisha.

Basi nikalifuata rejeleo. Mwandishi wa kwanza hakuwa na habari yake mwenyewe. Alimtaja wa pili. Wa pili alimtaja wa tatu. Wa tatu alikuwa ameandika juu ya wafugaji wa mbali kabisa na bahari, na hata yeye alisema "huenda". Chuoni, utotoni tulipokuwa tukisoma Kurani, mwalimu wetu alitufundisha kuuliza, kwa kila hadithi ya Mtume, nani kasikia kwa nani, na kama mmoja hakukutana na aliyemtangulia, habari yote inaanguka. Huku kwetu hata umbeya wa posa hudaiwa mnyororo wake: Bi fulani kaambiwa na nani, na huyo alikuwapo? Hawa madaktari wa vitabu hawakuwa wamekutana hata kwa kusomana.

Nilimpelekea daktari kurasa za waandishi wote watatu. Alizisoma taratibu, kisha akazirudisha mezani.

"Lakini Mzee, hili kila mtu analijua."

"Kila mtu si rejeleo, Daktari."

Nikamweleza marehemu alikuwa nani kwangu. Alinipa pole, na nilimwona imemwingia. Halafu akasema, kwa upole uleule, kwamba kumbe sikustahili kuikagua makala hiyo, kwa kuwa nina upande. Alisema kweli, na ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. Akaahidi kuliondoa rejeleo.

Akaliondoa. Makala ilipotoka, sentensi ilikuwa palepale, ila sasa ilianza kwa maneno "Kwa uzoefu wetu", ambayo hayadaiwi chanzo na mtu yeyote. Marejeleo yaliyobaki yalikuwa sahihi, yote. Mwishoni nilishukuriwa kwa umakini wangu.

Nilivuka kwenda Mbwajumali kumwambia shemeji mwenyewe, nisije nikajificha kwenye simu. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Nikamtafsiria sentensi ile. Akauliza ni nani aliyesema hivyo. Nikajibu kwamba hakutajwa mtu.

"Basi wamesema wao," akasema, akaendelea kupukuchua. Baadaye akauliza kama inaweza kufutwa. Nikaanza kumweleza habari za barua kwa mhariri, jinsi zinavyopokelewa na zinavyokaa. Nikajisikia ninavyoongea kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea, nikayakatiza maelezo.

"Haifutiki," nikasema.

Binti yake alitoka jikoni na chai. Ana umbo la mamake, hasa mabegani. Alituangalia mmoja mmoja, akaketi kwenye mkeka bila kuambiwa.

"Mwambie wewe," baba yake akaniambia, bila kuinua macho. "Nikisema mimi, atadhani najitetea."

Nikaweka kikombe chini, nikamwuliza binti kama anaujua mkondo wa Mkanda maji yanapotoka.