Aina Kumi na Moja za Mtama wa Koleta

Wifi yangu Koleta alishika mimba ana miaka hamsini na mbili, mjane wa miaka saba. Msishangae. Mimi ndiye niliyemfunga hiyo mimba tumboni kwa kanga.

Mwaka sabini na nne lori lilikuja kutuhamishia huku Goweko, kijiji cha ujamaa. Hilari, balozi wetu wa nyumba kumi, kichwa kikubwa akili kisoda, akatangaza: "Sufuria na mikeka tu! Mitama yenu ya kizee mwaga hapo hapo. Kule tunapanda mahindi ya aina moja, ya kisasa."

Mwaga! Koleta alikuwa na aina kumi na moja za mtama alizoachiwa na mama yake, zinaning'inia kwenye moshi juu ya mafiga. Mmoja ndege hawaugusi. Mmoja unakomaa hata mvua ikikata mapema. Mmoja wa pombe tu, na pombe yenyewe, acha! Nani mwingine alikuwa nazo? Hakuna. Basi tukafunga vifurushi kumi na kimoja, tukamzungushia.

Hilari akamwona anapanda lori, mkono kiunoni, anahema.

"Koleta! Mimba ya nani hiyo?"

"Ya kijiji, baba. Si mmesema kila kitu ni chetu sote?"

Tulicheka mpaka jirani yetu Minza akaangusha chungu. Dereva, mtu wa adabu, akamkalisha mama mjamzito mbele. Sisi huku nyuma mvua ikatupiga, sisi na gunia la mahindi ya kisasa, Hilari kalikalia kama sultani. Siku ya kupanda analifungua: ukungu mtupu, linanuka kama togwa iliyochacha.

Akaja kwa Koleta, mpole kama mkwe. "Dada, tusaidie mbegu."

"Nitakupa. Kila aina mstari wake, usinichanganyie. Na kwanza unitajie majina yote."

Kijiji kizima kikajaa uani. Alifika jina la nane, akakwama. Koleta akamrudisha mwanzo. Mara nne! Jasho linamtoka, sisi vigelegele.

Zote kumi na moja ziliota. Mwaka juzi wakaja mabwana wa utafiti na bahasha zao, wanatafuta mbegu za zamani wakazalishie mpya. Aliyewatajia majina bila kukosea nani? Hilari.

Koleta akampa uji. Mimi sikumpa hata kigoda.