Ukurasa wa Mwisho wa Duka la Majeneza

Valerian wa Tabata hakuwahi kushika patasi. Babu yake alichonga, baba yake alichonga, ukoo mzima kule Newala ulichonga. Yeye akatokea kuwa mtu wa kupanga rangi na herufi kwenye kompyuta. Alipopata kazi ya kutengeneza duka la mtandaoni la majeneza ya Mzee Adelard, pale Mtoni, mama yake alimshukuru Mungu kwamba hatimaye mtoto amerudi kwenye mbao.

Mzee hakumpa kazi peke yake. Alimpa na Jovina, binti wa Bukoba, ambaye shughuli yake ni kuhakikisha anayechungulia duka haondoki bila kuagiza. Nusu ya watu anawaonyesha ukurasa wa namna hii, nusu wa namna ile, kisha anaangalia wapi wameagiza zaidi. Ndiyo kazi, na watu wanailipia. Valerian alitaka ukurasa mtulivu, rangi ya mninga, maneno machache. Jovina alitaka kitufe cha kuagizia cha rangi ya chungwa.

"Sista, chungwa kwenye jeneza?"

"Mfiwa ana machozi, braza. Hicho cha kahawia atakionaje?"

Valerian akakiacha cha chungwa. Siku nyingine Jovina akaweka maandishi, "Yamebaki mawili tu, wahi!" Valerian akatoka nje kupunga upepo, na aliporudi akakuta ameyafuta mwenyewe. "Nilikuwaga duka la viatu," alisema Jovina, na hayo yakahesabika kuwa maombi ya radhi.

Wakapatana hivi: kinachotangulia kitufe ni cha Valerian, kitufe chenyewe ni cha Jovina. Kinachokuja baada ya kitufe, Valerian alijua ni cha Jovina, maana mteja keshaingia mikononi mwake. Jovina naye alijua ni cha Valerian, maana mteja akishaagiza yeye hana shida naye tena. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Watu wazima wawili, wanakaa meza moja! Ukurasa wa mwisho ukabaki ule ule Jovina aliohamia nao kutoka duka la viatu.

Basi Mwalimu Audax wa Chamazi akafiwa na mama yake. Akaagiza jeneza, akabonyeza kitufe, na simu ikamjibu: "Hongera! Karibu tena hivi karibuni. Mwambie na rafiki yako."

Mzee Adelard, ambaye tangu aanze biashara hajawahi kumwita mpita njia wala kumwambia mteja karibu tena, maana muuza majeneza hasemi hivyo, alipoonyeshwa ujumbe huo aliwaita wote wawili. Hakufoka.

"Jeneza nilimpelekea, mama kazikwa jana. Nendeni Chamazi mkamwombe radhi. Akiwasamehe, duka linaendelea. Asipowasamehe nalifunga, na nyie mtafute pengine."

Duka lile ndilo kazi pekee aliyokuwa nayo Valerian, na mkewe Clara alikuwa na mimba kubwa. Aliogopa, wala hakujidai haogopi.

Ndani ya bajaji wakagawana radhi kama walivyozoea kugawana kila kitu. Valerian aanze: wao ni nani, kosa limetokeaje, ukurasa umetoka wapi. Jovina amalizie kwa radhi yenyewe, maana kumfikisha mtu mwisho ndiyo fani yake. Wakafanya mazoezi mpaka dereva akawa anaitikia.

Jamani, hawa walikulia wapi? Walipofika tu, mama mmoja alimshika Jovina mkono akampeleka ndani, mikekani, kwa wanawake. Valerian akaelekezwa nje chini ya turubai, kwa wanaume. Msibani ndivyo ilivyo, kila mtoto anajua, isipokuwa siku hiyo hawa wawili. Jovina akajikuta anachambua mchele, radhi ikiwa imemjaa mdomoni na utangulizi uko nje.

Mwalimu Audax alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Valerian akasimama mbele yake, akatoa shikamoo, kisha akatoa nusu yake. Akaeleza duka, akaeleza kitufe, akaeleza ukurasa wa viatu. Alieleza vizuri mno, waliokuwa wanacheza karata wakaacha wakasikiliza. Kisha maneno yakaisha. Akageuka kumtafuta Jovina, akakutana na ukuta.

"Umemaliza?" Mwalimu akauliza.

"Bado, mwalimu. Sehemu iliyobaki anayo mwenzangu, yuko ndani."

Mtu mmoja akakohoa. Mwalimu hakucheka.

"Kijana, hilo la karibu tena si neno. Ni kosa, nimeelewa. Lakini siku ile mama ametoka kukata roho, nimeshika simu, nikausoma ukurasa wenu wote, juu mpaka chini. Mbao, vishikio, rangi, usafiri. Nikawa natafuta neno moja tu, sikuliona. Na wewe umetoka kwenu mpaka hapa, umeongea yote hayo, na neno lenyewe hujanipa."

Uso wa Valerian ukawaka moto. Kwao mtu akijikwaa tu mlangoni anapewa pole na nyumba nzima! Akachuchumaa pale pale vumbini.

"Pole, mwalimu. Pole sana kwa kuondokewa na mama."

Alimfikiria wa kwake, na aibu nayo ilikuwamo. Mwalimu Audax akamsogezea kiti.

"Asante. Nimeshapoa. Mwambie Mzee Adelard duka asilifunge. Kaa, chai inakuja."

Jioni, kwenye bajaji ya kurudi, Valerian alimsimulia Jovina yote, bila kujipendelea. Jovina akasikiliza huku anatoa pumba za mchele kwenye kucha.

"Basi neno hilo tuliweke juu kabisa," alisema. "Halafu nusu ya watu tuwaonyeshe ukurasa wenye pole, nusu..."

Bajaji ikapita kona, ikapita na nyingine.

"Hapana," alisema Jovina, sasa kwa sauti ndogo. "Wapewe wote."